Dawa ya Kwenye Puto Haitibu Ugonjwa: Niliyojifunza kwa Mguu Wangu na kwa Mkono wa Dada

Karibu kila mgonjwa niliyewahi kukaa naye benchi moja kwenye kliniki ya mishipa anaamini kwamba dawa iliyopakwa kwenye puto (kipira kidogo kinachojazwa ndani ya mshipa ili kuupanua) au kwenye stenti (kijiwavu kinachoachwa ndani ili mshipa usisinyae) inakwenda kuyeyusha uchafu ulioziba mshipa. Hiyo siyo kazi yake. Uchafu husukumwa pembeni na puto lenyewe, kwa nguvu ya shinikizo tu. Dawa imewekwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa: kuzuia kovu litakaloota ndani ya mshipa kwa sababu puto limeujeruhi ukuta wake. Ugonjwa uliozaa kizibo hauguswi, unabaki palepale ulipokuwa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua maswali niliyomuuliza daktari, fedha nilizotenga na vidonge ninavyomeza hadi leo. Ndiyo pia iliyonisaidia kusimama na dada yangu mkubwa pale mshipa wa mkono wake, anaotumia kusafishwa damu kwa mashine, ulipoanza kuziba. Ningependa anayeanza safari hii aijue tangu siku ya kwanza.

Kwangu ilianza kwenye shavu la mguu wa kushoto. Nikitembea mwendo wangu wa kawaida, msuli unaanza kubana. Nikiendelea, unauma mpaka nalazimika kusimama. Nikisimama dakika chache maumivu yanatoweka kabisa. Nikianza tena, yananipata baada ya umbali uleule. Kwa muda mrefu mguu huo ulitibiwa kama tatizo la mgongo. Nilipigwa picha za uti wa mgongo, nikapewa dawa za maumivu, nikafanyishwa mazoezi ya kiuno, na hakuna kilichobadilika.

Kuna alama inayotenganisha magonjwa haya mawili, na hata mgonjwa mwenyewe anaweza kuiona. Maumivu ya mshipa wa damu huisha kwa kusimama tu. Mwenye mgongo uliobana neva kwa kawaida hapati nafuu akisimama wima. Inambidi akae au ainame mbele. Tena maumivu ya mshipa hutabirika: umbali uleule na msuli uleule, na kilima huyaleta mapema zaidi. Nilipomweleza hayo daktari mwingine, hakuniandikia picha yoyote. Alinivua soksi, akagusa juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kutafuta mapigo, akanyamaza, akagusa tena. Kisha akaniandikia kipimo cha presha ya miguu.

Kipimo hicho hakina sindano wala mionzi. Unalala chali, wanapima presha kwenye mikono yote miwili na kwenye vifundo vya miguu, halafu namba ya mguu inagawanywa kwa ile namba ya mkono iliyo kubwa zaidi. Mtu mwenye mishipa mizuri hupata karibu 1.0 au zaidi kidogo. Ikifika 0.90 au chini yake, mishipa ya mguu imepungua njia. Wangu wa kushoto ulisoma 0.61 na wa kulia 0.88. Tahadhari kwa mwenye kisukari cha miaka mingi au figo zilizochoka: mishipa yake inaweza kuwa imejaa chokaa na kuwa migumu kiasi kwamba mkanda wa presha hauwezi kuibana. Namba inapanda, pengine kupita 1.40, na mtu anaambiwa yuko salama ilhali damu haifiki vidoleni. Huyo anahitaji kupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Mtu akiwa na kisukari na kidonda cha mguu kisichopona, asiridhike na namba nzuri ya kifundo peke yake.

Na presha ipimwe mikono yote miwili, hata kama muuguzi ana haraka. Mkono mmoja ukiwa chini ya mwenzake kwa 15 au zaidi, pengine mshipa unaopita chini ya mtulinga umepungua njia, na huo ni ugonjwa uleule uliochagua kiungo kingine. Mtu anaweza kutembea miaka na presha ya juu isiyojulikana kwa sababu kila mara hupimwa mkono wenye mshipa mbovu.

Nilipoambiwa mshipa wangu umeziba nilitaka ufunguliwe kesho yake. Daktari alikataa, na leo namshukuru kwa kukataa kule. Alinieleza kwamba kuna wagonjwa wa aina mbili. Wapo wanaoumia wakitembea tu. Wengi wao hawafikii kabisa kukatwa mguu, na hatari yao kubwa ni moyo na kiharusi, maana mishipa iliyochafuka mguuni haijachafuka peke yake. Halafu wapo wanaoumia hata wakiwa wamelala, wanaoning'iniza mguu kando ya kitanda usiku ili kupata nafuu, au wenye kidonda na weusi vidoleni. Kundi hili la pili halina muda wa kusubiri. Mguu wenyewe uko hatarini. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, na kwa kundi la kwanza tiba ya mwanzo siyo puto.

Tiba ya mwanzo ilikuwa kuacha sigara, kumeza statini (dawa ya kushusha kolesteroli) na aspirini, na kutembea. Kutembea huku kuna utaratibu wake: unakwenda mpaka maumivu yawe makali kiasi, unasimama yapoe, unaendelea, kwa jumla ya dakika 30 hadi 45, angalau mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Panapokuwa na mtaalamu wa kukusimamia, matokeo huwa bora. Inaudhi. Unajiuliza kwa nini utembee juu ya kitu kinachouma. Lakini msuli hujifunza kutumia vizuri damu kidogo inayoufikia, na umbali wangu uliongezeka kweli. Haukuongezeka vya kutosha, kwa kuwa kazi yangu ni ya kusimama na kutembea kutwa, ndipo tukakubaliana kuufungua mshipa. Nilikwenda kwenye chumba cha matibabu nikiwa na sababu niliyoweza kuitaja kwa sentensi moja, na mguu uliokwisha kuzoea mazoezi. Yote mawili yalinifaa baadaye.

Swali linalofuata, ambalo wagonjwa wengi hawaliulizi, ni mahali kizibo kilipo. Siyo kila sehemu ya mguu inafaa kifaa kilekile. Kwenye kinena, pale paja linapokunjika, mara nyingi madaktari wa upasuaji hupendelea kuufungua mshipa na kuukwangua. Nyuma ya goti mshipa hukunjwa na kukunjuliwa kila hatua, kwa hiyo huepuka kuacha chuma pale wakiweza. Chini ya goti mishipa ni myembamba, na majaribio ya maputo yenye dawa huko yametoa majibu yanayopingana. Ndiyo maana ilipofika Aprili 2024 ilikuwa habari kubwa Marekani ilipoidhinisha kifaa cha chini ya goti kiitwacho Esprit BTK, fremu yenye dawa ambayo baada ya muda humezwa na mwili. Paja, kati ya kinena na goti, ndipo vifaa vyenye dawa vimejaribiwa zaidi. Ultrasaundi na picha ya mishipa vilionyesha kwamba kizibo changu kiko hapo. Ukipewa ripoti ya picha, omba daktari akuchoree kwenye karatasi: hapa kinena, hapa goti, hapa ndipo paliposinyaa. Karatasi yangu bado ninayo.

Wazo la kufungua mshipa kutoka ndani ni la zamani. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland huko Oregon, Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 aliyekuwa na vidole vilivyoanza kufa na aliyekataa kukatwa mguu. Alipitisha mirija inayozidiana unene katika mshipa wa paja mpaka njia ikafunguka, na yule bibi akaendelea kutembea kwa miguu yake. Miaka kumi baadaye Andreas Grüntzig, akiwa Zurich, akaleta puto. Tangu hapo kufungua mshipa hakukuwa tena shida kubwa. Shida ilikuwa kuuzuia usijifunge upya. Puto linapopanuka huupasua utando wa uchafu na kuchana ukuta wa ndani. Mwili unafanya unachofanya kwenye jeraha lolote: seli za misuli ya ukuta zinaongezeka, zinahamia ndani, zinajenga kovu. Baada ya miezi kadhaa njia imepungua tena, safari hii kwa nyama mpya. Stenti ya kawaida huzuia mshipa usisinyae, lakini nyama huota hata kupitia matundu ya wavu wake.

Hapo ndipo dawa ilipoingia. Inayotumika zaidi miguuni ni paklitakseli, iliyopatikana kwanza kwenye gome la mti uitwao yew wa pwani ya Pasifiki na kujulikana kama dawa ya saratani. Kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike, na hiyo ndiyo kazi inayotakiwa kwenye ukuta uliojeruhiwa. Nyingine ni sirolimasi na jamaa zake, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Puto lenye dawa hubanwa kwenye ukuta kwa dakika chache, huacha dawa yake, kisha hutolewa, hakibaki chuma. Stenti yenye dawa hubaki na kuachilia dawa polepole. Ya kwanza ya aina hiyo kwa mshipa wa paja kuidhinishwa Marekani ilikuwa Zilver PTX, mwaka 2012, na puto la kwanza lenye dawa lilifuata mwaka 2014.

Nikiwa nasoma haya yote nikakutana na habari iliyoninyima usingizi. Desemba 2018 watafiti waliunganisha majaribio 28 yenye wagonjwa zaidi ya 4,600, wakasema waliotibiwa kwa vifaa vya paklitakseli walikufa kwa wingi zaidi: baada ya miaka 2 ilikuwa asilimia 7.2 dhidi ya 3.8. Fikiria unasoma hivyo ukiwa umeshapangiwa tarehe. Mke wangu alisema tuahirishe. Nilirudi kwa daktari na karatasi mkononi, nikiwa na hofu na hasira kidogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenigusia jambo hilo.

Alinijibu bila kukunja uso. Alisema ni kweli utafiti ule upo na uliitikisa dunia nzima ya matibabu haya. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya madaktari wapunguze matumizi. Kisha ukafuata ufuatiliaji zaidi. Uswidi ilitoa hesabu ya wagonjwa 2,289 mwishoni mwa 2020, na haikuona tofauti ya vifo. Julai 2023 FDA yenyewe ikatangaza kwamba takwimu zilizokusanywa haziungi mkono dai la ongezeko la vifo. Naongeza lililokuja baadaye: matokeo kamili ya Uswidi ya mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifaa vyenye dawa havikupunguza kukatwa viungo, wala havikuyafanya maisha ya wagonjwa kuwa bora kuliko vifaa visivyo na dawa. Yaligusia pia tofauti ya vifo katika mwaka wa tano kwa kundi la wanaoumia wakitembea, ingawa katika kipindi chote cha ufuatiliaji haikuthibitika. Kwa hiyo mjadala haujazimika kabisa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza. Unachotafuta katika jibu ni daktari anayeweza kusema kwa nini wewe, kwa mshipa wako na umri wako, anaona faida inazidi. Akikuambia "usijali" na kuishia hapo, tafuta mwingine wa kumuuliza.

Kwangu hoja ilikuwa urefu wa kizibo na kazi yangu. Kazi ya dawa ni kupunguza uwezekano wa kurudi mezani kufunguliwa tena mahali palepale. Hilo ndilo nililonunua. Sikununua miaka ya kuishi, wala kinga ya mguu, na nilitia saini nikijua hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa fupi kuliko hofu yangu. Kabla yake walipima figo, kwa kuwa dawa ya rangi wanayopiga ili mishipa ionekane ina iodini na huzielemea. Ukiwa na figo dhaifu sema mapema, maana kwa baadhi ya wagonjwa wanaweza kutumia hewa ya kaboni dioksidi badala yake. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, aulize kama aisimamishe na kwa muda gani. Anayepata mzio wa dawa ya rangi aseme hata kama hajaulizwa. Nilichomwa ganzi kwenye kinena cha kulia, upande wa pili wa mguu mbovu, kwa sababu waya hupita juu na kushukia upande wa kushoto. Nilikuwa macho. Dawa ya rangi ikiingia, joto linateremka mguu mzima hadi kwenye vidole, linashtua lakini linapita. Walitanua kwanza kwa puto la kawaida, kisha wakaleta lenye dawa. Hilo huwahishwa mahali pake bila kuchezewa, maana dawa huanza kupotea kwenye damu mara linapoingia. Likapanuliwa, likaachwa kama dakika 3. Maumivu yalikuwa ya kubana, ya kina, kwenye paja. Mwambie daktari unapoumia. Yeye anayatumia maumivu hayo kujua hali ya ukuta.

Baada ya kulitoa, picha ilionyesha utando wa ndani umechanika kidogo na kuning'inia kwenye njia ya damu. Ikabidi waweke stenti fupi. Hilo hutokea mara nyingi, na lina athari kwenye mfuko. Nililokuwa nimelilipia ni puto, na bili ikaja na stenti juu yake. Puto lenye dawa ni ghali kuliko la kawaida, stenti yenye dawa ni ghali zaidi, na mara nyingi hutumika zaidi ya kimoja kama kizibo ni kirefu. Kabla ya siku, uliza kwa maandishi: gharama hii ina vifaa vingapi? Ikitokea stenti, nani analipa? Bima yangu inatambua kifaa chenye dawa au cha kawaida tu? Vidonge vya baada ya hapo na ultrasaundi za ufuatiliaji viko ndani? Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuumiza zaidi nyumbani, kwa kuwa ilikuja mwezi baada ya mwezi na hakuna aliyeitaja.

Wakati wa kupona nililala chali saa kadhaa, mguu uliochomwa ukiwa umenyooshwa, muuguzi akikagua kinena na mapigo ya unyayo. Ukikohoa au kucheka, bonyeza kidonda kwa kiganja. Nilipata michubuko iliyogeuka zambarau hadi katikati ya paja, nikadhani kuna kilichoharibika, ikanyauka yenyewe. Uvimbe mgumu unaokua, au damu inayotoka, ni jambo jingine: bonyeza kwa nguvu papo hapo na uite msaada. Niliondoka na kadi ya stenti, yenye aina yake na tarehe. Ibebe. Siku ukitakiwa kuingia kwenye mashine ya MRI utaulizwa.

Halafu vidonge. Nilipewa aspirini na klopidogreli, zote za kuzuia damu kuganda, pamoja kwa miezi ya mwanzo, kisha moja peke yake. Wengine hupewa aspirini na dozi ndogo ya rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, utaratibu ambao utafiti mkubwa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hupunguza matukio ya moyo na ya mguu baada ya matibabu haya, lakini huongeza hatari ya kutokwa damu. Ninalolisisitiza ni hili: dawa ile inayozuia kovu inachelewesha pia ukuta kujifunika ngozi yake laini ya ndani. Mpaka ufunikwe, damu inaweza kuganda juu yake. Kwa hiyo usikiache kidonge cha kuzuia damu kuganda kwa sababu unajisikia vizuri, wala kwa sababu daktari wa meno kakuambia uache, kabla ya kumpigia aliyekuwekea kifaa.

Dada yangu ndiye aliyenifanya nielewe vizuri zaidi. Figo zake zilishafeli, na anasafishwa damu kwa mashine kupitia fistula ya mkononi, yaani mahali ambapo daktari wa upasuaji ameunganisha ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) na vena (mshipa unaoirudisha) ili vena ipanuke na kuvumilia sindano kubwa. Kwenye fistula nzuri, ukiweka vidole unasikia mtetemo usiokatika, kama paka anayekoroma chini ya ngozi. Dada alikuwa na tabia ya kuugusa kila asubuhi. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, mkono huu umebadilika. Hautetemi, unadunda." Wauguzi nao walikuwa wameanza kulalamika kwamba mashine inapiga kengele ya shinikizo, na baada ya kuchomoa sindano damu ilikawia kukata. Zote hizo ni dalili za vena iliyosinyaa. Mkono mzima ukivimba, au mishipa ikajitokeza kifuani na begani, basi pengine kizibo kiko mbele zaidi, kwenye vena kubwa ya kifuani.

Walimfungua kwa puto la kawaida. Fistula ikarudi vizuri, kisha ikasinyaa tena mahali palepale, akafunguliwa tena, ikasinyaa. Kila mara ni kukosa usafishaji wa siku hiyo, ni hofu ya kuwekewa katheta, yaani mrija, shingoni, ni sindano mpya. Na maputo ya vena yanauma kuliko yale ya mguuni, maana kovu la vena ni gumu na hutaka shinikizo kubwa. Dada si mtu wa kulia, lakini alilia. Asione aibu mtu anayeomba dawa ya maumivu ya kutosha kabla hawajaanza.

Mkononi mwake hapakuwa na mafuta wala chokaa la kuzungumzia. Kilichoziba kilikuwa kovu tupu: vena isiyozoea nguvu ya damu ya ateri, na kuchomwa kila wiki. Kwa hiyo dawa inayozuia kovu ililenga tatizo lenyewe. Daktari wake alipolipendekeza puto lenye paklitakseli, alitupa utafiti uliochapishwa mwaka 2020 wenye wagonjwa 330 wa fistula: baada ya miezi 6, zaidi ya asilimia 82 ya waliotibiwa kwa puto lenye dawa njia yao ilikuwa bado wazi bila kurudiwa, dhidi ya chini ya asilimia 60 kwa puto la kawaida. Alitusomea pia upande wa pili: karibu mtu mmoja kati ya watano, hata kwa dawa, alikuwa amerudi. Tulikubali. Fistula ya dada imekaa muda mrefu zaidi kuliko ilivyokuwa ikikaa, ingawa haikukaa moja kwa moja, na safari nyingine ya puto imekwishafanyika. Yeye analiona hilo kuwa ushindi, nami pia, kwa sababu hakuna aliyetuahidi zaidi.

Mkono wa fistula ulindwe: usipimwe presha, usitolewe damu ya maabara, usilaliwe, usivishwe kitu kinachobana. Mwenye mkono ndiye wa kulisema hilo kila anapoingia hospitali, hata kama amechoka kulirudia.

Mguu wangu wa kushoto upo wazi mpaka ultrasaundi ya mwisho. Namba yake imepanda hadi 0.93. Lakini ule wa kulia, uliokuwa 0.88 na ambao hakuna aliyeugusa, umeshuka, na shavu lake limeanza kubana kwenye vilima. Hakuna kifaa kilichofeli. Kifaa kilifanya kazi sentimita chache za paja moja, na ugonjwa ukaendelea kwingine kote, kama ulivyokuwa ukiendelea kabla. Nimerudi kwenye ratiba ya kutembea, statini imeongezwa dozi, presha na sukari vinapimwa, na tumekubaliana na daktari kwamba mguu wa kulia hautafunguliwa kwa sasa.

Yapo mambo machache ambayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Mguu ukiwa wa baridi ghafla, ukapauka, ukafa ganzi au vidole vikakataa kusogea, hasa kwa aliyewekewa puto au stenti, ni dharura ya saa chache. Nenda usiku huohuo na useme wazi kwamba una kifaa kwenye mshipa. Kidonda cha mguu ambacho hakionyeshi dalili ya kupona ndani ya wiki 2 kikaguliwe mtiririko wa damu, siyo kufungwa bandeji tu. Na mtetemo wa fistula ukinyamaza, usingoje siku ya kusafishwa: piga simu kituoni saa ileile, maana damu iliyoganda leo mara nyingi hutoka, na iliyokaa siku kadhaa huenda isitoke tena.